Zaka ya Zabibu na Ujira wa Vibarua

Mpendwa Mama wa Hombolo,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Msimu wa Agosti umeuza zabibu za shilingi 1,800,000, na Jumapili iliyofuata ukatoa fungu la kumi 180,000 pamoja na ahadi ya jengo 100,000. Ada ya kijana na deni la duka la pembejeo vikameza zilizobaki. Vibarua waliopogoa wanakudai 250,000, nawe sasa unataka kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, uwalipe. Mumeo anasema zaka hutolewa kwenye faida. Wewe unaogopa, kwa sababu mwaka juzi ulipunguza zaka na ubwiri unga ukaingia shambani.

Nianze na hiyo hofu, maana naona ndiyo inayokufungulia pochi kuliko imani. Ubwiri unga ni ukungu. Ukichelewa kupiga salfa unaingia, shamba liwe la mzee wa kanisa au la mlevi. Najua Malaki sura ya 3 inautaja mzabibu kwa jina, na kwa mkulima wa Hombolo mstari huo unachoma kuliko unavyomchoma karani wa mjini. Lakini wahubiri wengi huanzia mstari wa 8. Rudi nyuma hadi wa 5, dada yangu. Hapo Mungu anasema atakuwa shahidi dhidi ya wanaomdhulumu kibarua ujira wake, na anawataja sambamba na wachawi na waapao uongo. Hilo linatangulia habari ya zaka, katika sura ileile. Na Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Ujira wa vibarua wako umelala tangu walipopogoa, miezi kadhaa kabla hujavuna.

Kwa hiyo mumeo ana hoja. Torati, katika Kumbukumbu 14, inadai sehemu ya kumi ya maongezeko ya shamba, na fedha ya kibarua au ya mwenye duka si ongezeko lako, imepita tu mkononi mwako. Umeandika mwenyewe: dawa na salfa 350,000, vibarua 250,000, samadi 150,000. Jumla 750,000. Kilichokuwa chako ni 1,050,000, na zaka yake 105,000. Wapo wachungaji watakaonipinga, wanaofundisha kutoa kabla ya gharama. Mwenye akiba na afanye hivyo kwa furaha. Asiye nayo anatoa sadaka kwa jasho la mwenzake.

Ahadi ya jengo ni jambo jingine kabisa, haina amri ya fungu la kumi popote. Tuna tabia yetu ya minada ya sikukuu ya mavuno: jogoo ananadiwa hadi bei ya mbuzi, watu wanapiga makofi, na anayebaki na deni la jogoo ni mama aliyeona aibu kunyamaza. Kama ahadi yako haijaisha, mwone mchungaji, mwambie salio utalimaliza baada ya mavuno ya Februari na Machi. Nenda na mumeo. Usijieleze sana.

Kausha damu usiiguse. Umeniandikia kwamba utapewa 300,000 urudishe 390,000 ndani ya mwezi. Hiyo ni asilimia 30, wakati Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Muulize huyo mkopeshaji leseni yake chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, uone atakavyobadili mazungumzo.

Badala yake waite vibarua wote siku moja. Wape ulichonacho, hata kama ni 20,000 kila mmoja, mwandikiane tarehe ya salio. Kama kikundi chenu cha vikoba kina mfuko wa jamii, omba huko kwanza. Na msimu ujao, siku mnunuzi anapopima kreti ya mwisho, vibarua wawe palepale shambani, walipwe kabla hujafunga fedha kwenye kanga. Zaka itahesabiwa jioni, ninyi wawili mezani, na daftari la gharama likiwa wazi.