Somo la Nyumbani: Wanyama wa Kuokotwa na Ndege Aliyelelewa kwa Mkono

Chukua boma moja la mfano, kama yalivyo mengi pembezoni mwa miji ya Kenya. Nyanya anaishi na wajukuu wawili, msichana wa Gredi ya 6 na kaka yake mdogo wa miaka minane. Uani analala mbwa mwenye mguu mbovu, aliyeokotwa kando ya barabara baada ya kugongwa na bodaboda. Ndani wamo paka wawili: mmoja alimfuata nyanya kutoka kwa wauza samaki sokoni, mwingine aliachwa langoni ndani ya gunia. Na juu ya kabati la vyombo, katika katoni ya sabuni, yumo kinda la hua aliyeanguka kutoka mwembeni pamoja na kiota chake wakati wa mvua za masika.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyenunuliwa. Wote waliletwa na huruma. Somo hili linahusu yanayotakiwa baada ya huruma: chanjo, chakula, mipaka na sheria. Mwishoni yapo maswali ambayo familia, vikundi na walimu wanaweza kuyajadili.

Nani anahusika na nini

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda maslahi yao, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo mbwa na paka wa nyanya wako chini ya idara ya mifugo ya kaunti. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo inamtaka mwenye mnyama asimpige kikatili, asimwache na njaa wala asimtelekeze.

Hua ana njia yake. Yeye ni ndege wa porini, na wanyamapori ni jukumu la Serikali ya Kitaifa kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Boma moja, basi, lina ofisi mbili za kuendea. Wakazi wengi hawalijui hilo mpaka siku ya matatizo.

Mbwa: chanjo kabla ya jina

Mbwa wa kuokotwa haji na historia yake. Hakuna anayejua kama aliwahi kuchanjwa, au kama aliumwa na mbwa mwingine mwezi uliopita. Kwa sababu hiyo jambo la kwanza ni kumpeleka kwa daktari wa mifugo, achunguzwe, apewe dawa ya minyoo na achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka, na paka pia huchanjwa. Kadi ya chanjo iwekwe pamoja na stakabadhi nyingine muhimu za nyumbani.

Kumtenga mgeni kwa wiki mbili husaidia kugundua magonjwa mengi kabla hajachanganyika na wenzake. Hata hivyo, wiki mbili hazitoshi kuondoa shaka ya kichaa cha mbwa. Virusi vyake vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa, na mara nyingine miezi mingi, kabla ya dalili kuonekana. Dalili zikishaanza, iwe kwa mnyama au kwa mtu, ugonjwa huo karibu kila mara huishia kifo.

Katika boma hili la mfano chanjo iliahirishwa. Mbwa alikuwa mpole, na nyanya alisema wataenda mwisho wa mwezi. Jumapili moja mjukuu wa kiume alinyoosha mkono kuchukua mfupa uliokuwa mbele ya mbwa, akaumwa kwenye kiganja. Jirani alikuja mbio na majivu na pilipili ya kupaka. Msichana alikataa. Alikuwa amefundishwa shuleni la kufanya, akamvuta kaka yake hadi kwenye mfereji.

Hatua ni hizi:

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tumia saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko inavyodhaniwa.
2. Usipake majivu, pilipili, mafuta wala dawa ya mitishamba, na usifunge jeraha kwa kulikaza.
3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Ukianza chanjo, maliza dozi zote kama utakavyoelekezwa.
4. Mfunge au mfungie mbwa mahali salama na umjulishe afisa wa mifugo. Asiuawe kwa hasira wala asifukuzwe.

Mnyama aliyeuma huangaliwa kwa siku 10. Akiwa hai na mzima siku ya 10, ina maana kwamba hakuwa akitoa virusi kwenye mate yake siku aliyouma. Lakini aliyeumwa hasubiri siku hizo ziishe ndipo aende hospitali. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Mbwa wa nyanya alikuwa mzima siku ya 10, naye mtoto alikuwa tayari ameanza sindano zake. Nyanya alihesabu siku hizo moja moja.

Kenya ina mkakati wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, wa mwaka 2014 hadi 2030. Msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kiwango kinachovunja mzunguko wa maambukizi. Kila mbwa wa kuokotwa anayechanjwa anaisogeza kaunti kwenye lengo hilo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na kampeni nyingi za chanjo hufanyika karibu na tarehe hiyo.

Paka: si mbwa mdogo

Kosa linalowaua paka wengi majumbani ni kuwatibu kama watu au kama mifugo mingine. Paracetamol, ambayo huondoa maumivu ya kichwa kwa mtu, ni sumu kwa paka. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin, na dawa ya kuogesha ng'ombe, nazo zisipakwe paka kamwe. Akianza kutetemeka na kutokwa na mate baada ya kupakwa, aoshwe kwa sabuni ya vyombo na akimbizwe kwa daktari wa mifugo.

Chakula chake pia ni tofauti. Mwili wa paka unahitaji nyama au samaki. Ugali kwa maziwa peke yake humdhoofisha, na paka wengi wakubwa huharishwa na maziwa ya ng'ombe. Vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba, au omena, vinamfaa zaidi.

Kisha kuna hesabu ya uzazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne hadi sita, na mimba yake huchukua takriban siku 65. Anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Paka wawili wa leo, dume na jike, wanaweza kuwa kundi zima kabla ya mwaka kwisha, na kundi hilo ndilo huishia kwenye magunia malangoni pa watu. Kuwafunga uzazi ni kuokoa wale ambao wangezaliwa bila makao.

Mama mjamzito asizoe kinyesi cha paka kwa sababu ya vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mtu mwingine akizoe kila siku, kwani vimelea hivyo huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza.

Hua: kinda si mwanasesere

Kinda akipatikana chini, swali la kwanza ni kama anahitaji kuokolewa. Kinda mwenye manyoya kamili anayerukaruka ardhini mara nyingi yuko katika mafunzo, na wazazi wake wako karibu. Anahitaji tu paka na mbwa wafungiwe. Kinda asiye na manyoya arudishwe kiotani ikiwezekana. Imani kwamba mama ndege humkataa mtoto aliyeshikwa na mtu si ya kweli. Kiota kikiwa kimevunjika, kikapu kidogo chenye nyasi kavu kinaweza kufungwa kwenye tawi lile lile.

Ikishindikana, apewe joto kwanza ndipo chakula kifuate. Kinda mwenye baridi hawezi kusaga chakula. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, ndani ya katoni yenye giza na utulivu, inatosha mpaka msaada ufike. Asidondoshewe maji mdomoni, kwa sababu tundu la pumzi la ndege liko nyuma kidogo ya ulimi na maji huingia mapafuni upesi. Maziwa ya ng'ombe na mkate havimfai.

Makinda wa hua na njiwa wana tabia ya pekee. Hawapanui mdomo wakisubiri kutiwa chakula kama makinda wengine. Huingiza mdomo wao ndani ya mdomo wa mzazi, na siku za mwanzo hulishwa ute mzito kama jibini, unaotengenezwa na baba na mama katika kifuko cha chakula shingoni. Ndiyo maana kumlea hua mchanga ni kazi ngumu kwa mtu asiye na ujuzi, na wengi hufa mikononi mwa wanaowapenda.

Huyu wa nyanya alipona. Aliota manyoya, akajifunza kudonoa mtama. Lakini kupona huko kulileta tatizo jipya. Alipoona hua wengine mwembeni hakuwajali. Alimfuata msichana jikoni, akatua begani mwake, na siku moja akatua mgongoni kwa paka. Nyumba nzima ilicheka.

Mtaalamu Konrad Lorenz wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwa kutumia bata bukini kwamba kinda huchukua sura ya anayemwona mwanzoni mwa maisha kuwa ndiye mzazi. Ndege anayelelewa na watu peke yao anaweza kukua akijiona mtu. Haogopi paka, hajui mwewe, na hatafuti mwenzi wa aina yake. Akiachiliwa hivyo, hamalizi wiki. Mate ya paka nayo yana bakteria wanaoweza kumuua ndege hata kwa jeraha lisiloonekana, kwa hiyo ndege aliyetolewa mdomoni mwa paka anahitaji matibabu upesi.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Kwa kasuku wa kijivu mambo ni mazito zaidi, kwani mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, zikikutana Johannesburg, zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wanaokamatwa porini. Anayeokota ndege wa porini amjulishe KWS mapema, kabla nyumba haijamzoea na kabla naye hajaizoea nyumba.

Kupanga nyumba

- Paka na ndege wasiachwe chumba kimoja bila mtu mzima, hata wakionekana marafiki.
- Kila mnyama ale kwenye chombo chake na mahali pake. Mtoto asimguse mbwa anayekula au kulala.
- Ndege asikae karibu na jiko la makaa. Mapafu yake ni mepesi kudhurika na moshi, na mvuke wa kikaango kisichogandisha chakula kikipata moto kupita kiasi humuua.
- Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kushika wanyama, vyombo vyao au kinyesi chao.
- Wanyama wasipite idadi ambayo familia inaweza kuilisha na kuichanja.

Siku ya kuagana

Nyanya alipiga simu KWS. Afisa alieleza kwamba hua angewekwa pamoja na hua wengine, alishwe bila kuzoeshwa watu, kisha aachiliwe atakapojua kujitafutia. Msichana alibeba katoni mwenyewe hadi langoni. Aliuliza kama hua atamkumbuka.

"Akikusahau, mjukuu wangu," nyanya alimjibu, "ndipo atakapopona."

Wiki iliyofuata mbwa na paka wote wawili walichanjwa.

Maswali ya kujadili

1. Kadi za chanjo za wanyama walioko nyumbani ziko wapi, na tarehe ya mwisho ni ipi?
2. Mtoto akiumwa usiku, nani atamwosha jeraha na nani atampeleka kituo cha afya?
3. Kati ya mbwa, paka na hua, ni yupi anayehitaji ofisi ya mifugo na yupi anayehitaji KWS?
4. Je, kinda aliyepatikana chini ya mti alihitaji kuokolewa, au alihitaji tu paka afungiwe?

Kwa ratiba ya chanjo na ushauri kuhusu kufunga uzazi, wakazi wafike kwa afisa wa mifugo wa wadi yao.