SOMO: KUBADILISHA TRANSISTA MBOVU KATIKA VYOMBO VYA KUPIMIA VYA ZAMANI

Chama cha mafundi wa redio huishi kwa vyombo vyake vya kupimia. Chombo kikisema uongo, kila redio iliyopimwa kwacho hurudi na malalamiko, na chama hupoteza jina kabla ya kupoteza fedha. Kwa hiyo katibu, hata kama hakusomea ufundi, hana budi kuelewa kazi anayoombwa kuidhinishia malipo.

Uchukuliwe mfano wa kitoa-mawimbi cha miaka ya 1960, yaani chombo kinachotoa ishara za majaribio za kurekebishia redio. Baadhi ya vyombo vya Ulaya vya wakati huo vilitumia transista za jemaniamu za AF114 hadi AF117, zilizouzwa na Mullard na Philips. Transista hizi zina miguu minne: emita, besi, kolekta, na wa nne uitwao ngao, ambao umeungwa na kopo la chuma linaloifunika transista.

Ugonjwa wake unajulikana. Ndani ya kopo mna mpako wa stani, nayo stani huota nyuzi nyembamba kuliko unywele. Uzi ukigusa mguu mmojawapo, mguu huo hupiga shoti na kopo, na chombo hunyamaza au hutoa ishara dhaifu. Nyuzi hizo huota hata katika transista isiyotumika. Hapo ndipo wengi hukosea: spea ya zamani iliyo katika boksi lake huonekana mpya, kumbe imeugua kabatini.

Utaratibu wa kazi ni huu:

1. Volti za chanzo cha umeme zipimwe kwanza. Zikiwa pungufu, huenda kosa ni la kapasita zilizokauka, wala si la transista.

2. Waya wa umeme uchomolewe ukutani. Kapasita kubwa hubaki na umeme hata chombo kikizimwa. Fundi athibitishe kwa mita kwamba umekwisha.

3. Mguu wa ngao utenganishwe na saketi, kisha upimwe kwa mita ya omu dhidi ya kila mmoja wa miguu mitatu. Transista ikiwa nzima, mita haionyeshi njia ya umeme.

4. Shoti ikiwa ya mguu mmoja tu, kukata mguu wa ngao mara nyingi hufufua chombo. Hiyo ni nafuu ya muda: uzi wa pili ukiota, miguu miwili itakutana kupitia kopo.

5. Transista AF124 hadi AF127 zilitengenezwa kwa kazi zile zile, katika kopo dogo zaidi. Ya silikoni isipachikwe hivi hivi: jemaniamu huanza kupitisha umeme kwa volti 0.2 hadi 0.3, silikoni kwa volti 0.6 hadi 0.7.

6. Wakati wa kulehemu, mguu ushikwe kwa koleo jembamba ili joto lisifike ndani.

7. Kazi ikiisha, masafa na nguvu ya ishara vilinganishwe na chombo kingine kinachoaminika. Chombo kinachotoa ishara si lazima kiwe kinatoa ishara sahihi.

Upande wa vitabu, katibu aandike katika daftari la mali tarehe, namba ya chombo, vipimo vya kabla na baada, bei ya spea na jina la fundi. Transista iliyong'olewa iambatishwe na hati ya malipo. Spea ipimwe mbele ya muuzaji kabla ya kulipiwa, na zilizomo kabatini zipimwe upya kila mwaka wakati wa kuhesabu mali. Fundi asiyeonyesha vipimo asiruhusiwe kubadilisha transista zote kwa kubahatisha. Mkoba wa chama ni jasho la wanachama.

Maswali ya kujadili mkutanoni:

(a) Kwa nini spea ambayo haijatumika inaweza kuwa mbovu?

(b) Daftari la chama chenu linaonyesha vipimo, au bei tu?

(c) Ni nani katika chama anayethibitisha kwamba chombo kilichotengenezwa kinasema kweli?