Picha ya Jahazi la Babu Ipite kwa Wazee Kwanza

Wadogo zangu, mwezi huu nimeletewa swali ambalo najua linawahusu wengi wenu. Mdogo wangu mmoja, mzaliwa wa Tanga anayeishi Muscat, amerithi bahasha ya picha za marehemu babu yake aliyekuwa baharia. Humo mna majahazi yaliyofunga gati, vijana waliokaa ukutani Forodhani, na mabinti walio ufukweni na vikapu vya chakula. Anataka kuzimwaga zote Facebook watu wafaidi. Mama yake amenuna. "Dada, kosa langu liko wapi?"

Mdogo wangu, nia yako ni njema, na mama naye hajanuna bure. Umekosea mpangilio tu: umeanza na walimwengu kabla ya wazee. Picha ikitoka bila majina, kesho utaikuta kwenye ukurasa wa mtu usiyemjua imeandikwa "Zanzibar ya zamani", na babu yako amegeuka mvuvi asiye na jina. Hapo hata ukilalamika, nani atakusikiliza?

Basi fanya hivi. Mtafute mzee aliyewahi kupanda vyombo, au mjane wa baharia, au yule mjomba aliyekuwa kuli bandarini. Kaa naye asubuhi angali na nguvu, chai iwe karibu, na simu irekodi kwa ridhaa yake. Usianze na "huyu nani?" Mzee akihojiwa majina kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, huona haya kwamba amesahau, akanyamaza. Anza na chombo. Jahazi hili la wapi? Hapo macho yatafunguka. Atakuonyesha kwamba jahazi la Lamu omo yake imesimama wima, na la Unguja omo yake imelalia mbele. Atakuambia bumu la Kuwait limechongoka mbele na nyuma. Kutoka kwenye omo atafika kwa nahodha, kutoka kwa nahodha atafika kwa mwenye chombo, na majina ya mabaharia yatakuja yenyewe pamoja na vituko vyao.

Muulize pia: kilipakia nini, boriti, chumvi au nazi? Walikuwa wakingoja upepo gani? La upepo usilidharau. Vyombo vikubwa vya Arabuni na Ghuba vilishuka huku na kaskazi, Desemba hadi Machi hivi, vikarudi kwao na kusi. Kwa hiyo ukiona Bandari ya Kale ya Mombasa imesheheni mabumu, picha hiyo huenda ni ya miezi ya mwanzo wa mwaka. Mwaka wenyewe bado unautafuta, lakini msimu umeshaupata.

Halafu igeuze picha. Wapigapicha wengi waligonga muhuri wa studio nyuma. Ukikuta Capital Art Studio, hiyo ni kazi ya Unguja, studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Tazama na kilicho nyuma ya watu. Kama ni Forodhani na bustani inaonekana, jua kwamba bustani ile ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Na ninyi wenye simu msijione hamumo: picha mliyopiga mbele ya mnara wa Beit al-Ajaib, Unguja, kabla haujaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 imeshakuwa ya zamani. Iandikeni.

Wazee nao hukosea, tena kwa uhakika kabisa. Bibi wa Kigoma anaweza kukuapia kwamba baba yake alipigwa picha kwenye Liemba mwaka 1920. Meli ile Wajerumani waliishusha majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, wakaizamisha wenyewe mwaka uliofuata, Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na jina la Liemba ikapewa mwaka 1927. Usimkatize bibi wala usimwoneshe simu yako. Andika alivyosema, kisha andika chini yake ulichogundua wewe. Vyote viwili ni mali ya familia.

Kuandika kwenyewe kuna adabu yake. Tumia penseli laini, nyuma ya picha, pembeni kabisa, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huvuja ikatokea usoni. Karatasi ikiwa ya kuteleza isiyoshika penseli, ipe picha namba, maelezo yaandike kwenye bahasha yake.

Mnaona usumbufu? Yuko Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, aliyepanda bumu la Kuwait liitwalo Bayan katika msimu wa 1938 na 1939, akapita Lamu, Mombasa na Unguja hadi delta ya Rufiji walikopakia boriti. Picha zake zinatunzwa katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, London. Nahodha wa chombo kile, Ali bin Nasr al-Najdi, anajulikana mpaka leo kwa kuwa Villiers alikaa akaandika. Babu yako hakusafiri na mwandishi. Mwandishi wake ni wewe.

Sasa nije kwenye kununa kwa mama. Zitazame tena zile picha za ufukweni. Wale mabinti wenye vichwa wazi na vigauni vya miaka ya 1970 leo ni mahajati wenye wajukuu. Walipiga picha kwa ajili ya albamu ya nyumbani, na ruhusa ya kuwaonyesha watu hawakumpa mtu. Waulize mmoja mmoja. Aliyefariki, waulize wanawe. Akisema hapana, ni hapana. Usimfiche uso ukadhani umemsitiri, maana mtaani watamjua kwa leso yake.

Jambo jingine nalisema kwa sauti ya chini. Mabaharia wengine walikuwa na nyumba katika bandari zaidi ya moja. Ukimkuta babu amekaa barazani na mwanamke usiyemjua, kando yake mtoto mwenye pua ya kwenu, usiulize kwenye grupu la familia. Mpigie shangazi, peke yake, jioni.

Nanyi wadogo zangu wa Kanda ya Ziwa, mkiwa na picha za MV Bukoba, kumbukeni kwamba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakafa. Baba akipunga mkono melini ni furaha kwenu, lakini kwa jirani ni msiba. Iwekeni kwa maneno ya heshima, na mtu akiomba iondolewe, msibishane naye.

La mwisho ni kazi ya mikono. Picha halisi isitoke nyumbani. Ipige skani kwa nukta 600 kwa inchi, au ipige kwa simu karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera na bila jua kali. Iliyoganda kwenye albamu ya gundi usiibandue kwa nguvu. Ipige hapo hapo ilipo. WhatsApp ikitumiwa picha huipunguza ubora, hivyo itume kama hati. Nakala nyingine akae nayo ndugu wa mji mwingine.

Ukishafanya hayo, zitoe bila woga, moja moja, na chini ya kila moja uandike mnachokijua na msichokijua: "Jahazi la Lamu, Bandari ya Kale Mombasa, msimu wa kaskazi, miaka ya 1950. Kulia ni babu yetu. Wa katikati hatumjui, anayemjua atuambie." Watu wa pwani wametawanyika, na wengi wana bahasha kama yako kabatini. Atatokea mtu wa Pemba au wa Sur kule Oman aseme, "Huyo ni baba yangu." Jibu hilo liandike nyuma ya picha siku hiyo hiyo, kabla hujamtumia hata emoji ya shukrani.