Mafunzo Niliyopata Kutoka Kochi Hadi Portsmouth

Katika mkoa wa Maskati wageni ni wengi kuliko raia. Anayeniuzia mboga katoka Kerala, fundi wangu wa nguo katoka Sindh, kinyozi wa jirani ni Mbangali. Mimi mwenyewe, mwenye kitambulisho cha Oman, nilizaliwa Ng'ambo, Unguja, nikaletwa huku nikiwa mtoto, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi. Hapa wanatuita Wazinjibari. Nimesomesha Kiingereza shule za serikali hadi nikastaafu, nikakaa Al Khuwair miaka mingi nikijiona mwenyeji, kisha nikataka kuonja ugeni kabla magoti hayajakataa kabisa.

Nilifuatana na mtoto wa kaka yangu, binti aliyekuja kunifuata kutoka Unguja. Tulianzia Kochi, tukapanda Uzbekistan, tukapita Istanbul, tukaingia Ujerumani, tukamalizia Uingereza. Wanawake wenzangu wa mtaani wameuliza sana nimepata nini huko. Nimepata haya.

1. Anza na pasi iliyo dhaifu

Mimi nina pasi ya Oman, yeye ya Tanzania. Tangu mwaka 2024 raia wa Oman anaweza kupewa viza ya nchi za Schengen ya miaka mitano, kuingia na kutoka apendavyo, na Uingereza hatudaiwi viza ya utalii, ni kibali cha kuomba kwenye simu tu. Yeye alitakiwa alete taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima, tiketi ya kurudi na mahali atakapolala kila usiku. Basi safari yote ilipangwa kwa karatasi zake. Ningeanza na zangu, ningekata tiketi kwa furaha na yeye angebaki Dar es Salaam akisubiri jibu.

Katika uwanja mmoja wa ndege wa Ulaya tulisimama foleni moja. Mimi niligongewa muhuri bila neno. Yeye aliulizwa anakuja kufanya nini, ana pesa kiasi gani, anarudi lini, na huyu mama ni nani kwake. Alijibu yote kwa upole. Tulipotoka akaniambia, "Shangazi, si tumezaliwa mtaa mmoja sisi?" Ndiyo, mtaa mmoja, na baba yangu ndiye babu yake. Kilichotutenga ni kwamba baba yangu alipanda ndege miaka ya sabini na kaka yangu mkubwa akasema yeye habanduki Unguja. Uamuzi uliofanywa barazani jioni moja, watu wakinywa kahawa, ndio huo leo unasomwa na afisa nyuma ya kioo.

2. Nenda kwa wanaokutumikia

Kutoka Maskati hadi Kochi ni mwendo wa saa tatu hivi kwa ndege. Nilidhani nakwenda kuona maboti na chai. Dereva wa teksi ya kwanza aliuliza tunatoka wapi, nikamjibu, akaanza kunitajia mitaa ya Ruwi kwa mpangilio, duka kwa duka. Alikuwa amefanya kazi huko. Wa pili alikuwa na kaka Sohar. Baadaye nikaacha kushangaa.

Barabara za vijijini zimejaa majumba makubwa yenye mageti ya rangi, na ndani mna bibi kizee mmoja na mkwewe, vyumba vingine vimefungwa. Mwenye nyumba yuko Ghuba. Nimeona majengo ya Maskati yakiota miaka yote hii, na sikuwahi kujiuliza upande wa pili wa mshahara ule kunaota nini.

Fedha yetu huko inajulikana kuliko mahali popote tulipopita. Riali moja ni dola 2.6, na kiwango hicho hakijabadilishwa tangu mwaka 1986. Wabadilishaji wa Kochi walizipokea noti zetu bila hata kuzigeuza. Tulipotoka hapo, riali zikawa karatasi nzuri tu, kwa hiyo anayetaka kwenda mbali abebe dola au yuro. Wazee wetu hawakuwa na tabu hiyo. Rupia ya India ilitumika Zanzibar na Maskati pia, na marehemu babu aliendelea kuhesabu mahari za watu kwa rupia muda mrefu baada ya rupia zenyewe kwisha.

Tulipanda treni hadi Kozhikode, tukaenda Beypore kuwaona mafundi wanaojenga majahazi makubwa ya mbao, ambayo wateja wake wakubwa ni Waarabu wa Ghuba. Kwetu Maskati, kwenye mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan, kuna jahazi linaloitwa Sohar. Msafiri Tim Severin alilijengesha Sur, likashonwa kwa kamba za makumbi kama mtepe wa Lamu, bila msumari. Liliondoka Maskati Novemba 1980 na kufika Guangzhou, China, Julai 1981. Watoto wa shule hupelekwa kulitazama na kuambiwa, kwa haki kabisa, habari za mabaharia wa Oman. Mbao zake zilitoka pwani hii ya Malabar. Hilo nilikuwa nimelisoma. Kusimama kwenye vumbi la mbao Beypore, nikimwona mzee anapima ubao kwa jicho na kuupatia, kulinifanya niliamini.

Lakini linalonirudia zaidi ni nyumba moja ya kijijini tulikokaribishwa chai. Mtoto wa bibi yule anafanya kazi ya ujenzi Maskati. Mkwewe alikuwa anatufasiria. Bibi aliuliza kama ni kweli wakati wa joto kazi husimamishwa mchana. Nikamwambia sheria ipo: Juni hadi Agosti, kazi za juani ni marufuku kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu. Akauliza kama inafuatwa. Nikanywa chai. Akauliza tena, na mkwewe hakufasiri mara ya pili, akaniletea ndizi za kukaanga.

3. Anayetazamwa naye atazame

Uzbekistan tulikwenda kwa ajili ya jina moja. Sisi tuliosoma chuoni Unguja tulilisikia jina la Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, kabla ya kujua ramani ni kitu gani, na kaburi lake liko nje kidogo ya Samarkand. Watu pale hawakuwa na lugha ya kusema nasi, wala sisi nao. Tulikuwa na salamu, na tulikuwa na Fatiha. Zikatosha hadi tulipoanza kuuliza choo kiko wapi.

Mikahawani wana pilau ya karoti, nyama ya kondoo na bizari nyembamba, inapikwa kwenye sufuria ambayo harusi ya Makunduchi ingeiazima. Binti alikula, akakaa kimya, kisha akatoa hukumu: haina iliki. Nikamwambia ashukuru.

Bukhara na Samarkand watu walimtazama sana yule binti kwa weusi wake na khanga aliyojitanda. Walikuwa wapole, wakimwita, wakitaka kupiga naye picha, familia nzima na bibi zao. Siku ya kwanza alifurahi, ya pili akachoka, ya tatu akabuni utaratibu wake: kila aliyempiga picha, naye alipigwa, na akaulizwa kwa ishara anafanya kazi gani na ana watoto wangapi. Sasa ana mkusanyo wa sura za watu wa Bukhara ambao ningetamani gazeti lolote liuchapishe.

Kabla yake alipita Mswahili mwingine. Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi, Siberia na Asia ya Kati, akaandika safari hiyo kwa Kiswahili. Maandishi yake yamo katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1901. Alikuwa mtumishi, na watu walimshangaa njia nzima. Yeye alikuwa anaandika wanakula nini, wanavaa nini, na baridi ya kwao ikoje. Wengi wa waliomkodolea macho hawakuacha hata mstari mmoja, na yeye tunamsoma mpaka leo. Nadhani angestahili kusomeshwa shuleni kabla ya wazungu wote waliopita kwetu na daftari.

4. Magoti yana ratiba yao

Istanbul tuliipa muda mfupi kwa sababu ilikuwa njiani. Mji ule wote ni mlima. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba mtu wa umri wangu asiite mji kama huo kituo cha kupumzikia.

5. Anayerudi hajifungulii mlango

Makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, ni makubwa kiasi kwamba mabasi ya mji yanapita ndani yake. Humo amezikwa Sayyida Salme, binti wa mtawala Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Habari zake wengi wanazijua nusu, ile ya mapenzi: alitoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka 1867 na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily. Mumewe akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi.

Nusu ya pili ndiyo iliyonipeleka huko. Alirudi Unguja mwaka 1885, akiwa na manowari za Kijerumani, kudai urithi wake. Kaka yake, Sayyid Barghash, ndiye aliyekuwa akitawala, na hakumpokea. Alirudi tena mwaka 1888, akaondoka vilevile. Alifariki Jena mwaka 1924. Tulimsomea tulichokuwa nacho. Binti akauliza kama inafaa, kwa kuwa aliingia Ukristo. Nikamwambia tunasomea mtoto wa Mtoni, hayo mengine yana mwenyewe.

Kinachouma ni kwamba Barghash naye alijua ukimbizi. Alipojaribu kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859, alihamishiwa Bombay, akakaa huko mpaka aliporuhusiwa kurudi. Mlango aliofunguliwa, hakumfungulia dada yake.

Kutoka Hamburg tukaenda Portsmouth, upande wa Southsea, ambako Sultan Jamshid bin Abdullah wa Zanzibar aliishi zaidi ya miaka hamsini baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Ukuta wa bahari, upepo, wazee wanatembeza mbwa. Binti, ambaye shuleni kwao alisomeshwa mapinduzi kwa namna moja na nyumbani akasikia kwa namna nyingine, alitazama bahari ile ya kijivu akasema, "Ndiyo hapa tu?" Jamshid aliruhusiwa kuishi Oman mwaka 2020, akiwa na zaidi ya miaka tisini. Alifariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024.

Katika nyumba zetu za Maskati jina lake hutajwa kwa huzuni, kwa Unguja inategemea umekaa baraza gani. Mimi sikwenda kumlilia wala kumhukumu. Nilikwenda kwa sababu familia yangu iliitwa na kupewa pasi, na wapo ndugu zetu wa damu waliobisha hodi baadaye wakaambiwa warudi walikotoka. Niliwahi kuwaambia wajukuu kwamba "tulirudi Oman". Bibi yao alikuwa hajawahi kuiona Oman kabla ya siku ile ya ndege. Sasa nawaambia tulipokelewa.

6. Utaulizwa umerudi na nini

Barghash alizuru Uingereza mwaka 1875. Zahir bin Said aliyefuatana naye aliandika habari za safari hiyo kwa Kiarabu, zikachapishwa. Walitembezwa viwanda vya Manchester na Liverpool, wakakutana na Malkia Victoria. Katika miaka iliyofuata mji wa Unguja ukapata maji ya bomba kutoka Chemchem, watu wakichota bure, ukapata kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vya fikhi ya Kiibadhi, na mwaka 1883 ukapata jumba la Beit al-Ajaib. Mtu yule hakuwa mwepesi kusamehe, kama nilivyokwisha kusema, lakini alirudi na kitu.

Sisi tulirudi na chokoleti, ambazo nusu ziliyeyuka kwenye gari kati ya uwanja wa ndege na nyumbani, na mkate wa Samarkand uliokauka hata ukafaa kugongea hodi. Binti alipanda ndege ya Zanzibar na sanduku langu moja, kwa kuwa lake lilizidi kilo.

Duka la mboga la mtaani kwetu nililikuta palepale. Nilimwambia muuzaji nilifika Kozhikode. Akaacha mizani, akaniuliza kama mvua ilikuwa imeanza, kama treni ilichelewa, na samaki sokoni walikuwa bei gani. Nikamtajia bei ya samaki, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamtajia na bei ya nazi. Akacheka akatazama pembeni. Tangu siku hiyo nazi zake tunapatana, na kila nikitaja Beypore anapunguza baisa hamsini, kisha anazirudishia kwenye vitunguu.