Dondoo muhimu: Upole ndani ya daladala ya jioni

Saa 12 jioni, daladala ya Mbagala imejaa hadi mlangoni na foleni haisogei. Shika nauli kamili kabla hujapanda. Ugomvi mwingi na kondakta huanzia kwenye noti ya elfu kumi. Mwite “kaka” au “mdogo wangu”. Amening'inia mlangoni tangu alfajiri, na hesabu ya tajiri mwenye gari huenda bado haijatimia.

Umepata kiti? Mpakate mtoto wa mama aliyesimama, au mshikie mzigo. Ukikanyagwa, vuta pumzi kabla ya kujibu.

Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni nyumbani: ukifika umechoka na una hasira, nawa uso kwanza, ndipo uwaite watoto uwasalimie.