Ramani Iliyoongeza Joto

Ubaguzi wa rangi huweza kuudhuru mwili hata baada ya sheria zake kufutwa. Katika miaka ya 1930, shirika moja la serikali ya Marekani lilichora ramani za miji zaidi ya 200. Karibu mitaa yote waliyoishi watu weusi ilitiwa rangi nyekundu, yaani ni ya hatari kwa mikopo ya nyumba.

Mitaa iliyonyimwa fedha ilipata miti michache. Mara nyingi ilipitishiwa barabara kuu na kujengewa viwanda. Lami na saruji hufyonza joto mchana na kulitoa usiku, ilhali miti huipoza hewa kwa kivuli na mvuke.

Sheria ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika makazi. Hata hivyo, uchunguzi wa miji 108 uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa uso wa ardhi katika mitaa hiyo ulizidi mingine kwa joto, wastani wa nyuzi 2.6 za Selsiasi. Katika joto, moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi hadi kwenye ngozi. Wazee na wagonjwa wa moyo ndio waumiao kwanza.

Zoezi: Saa nane mchana, pimeni joto la hewa juu ya lami, kisha chini ya mti. Jadilini: ni nani huamua miti ipandwe wapi?