Kuku Anakoroma Lakini Anakula: Tuanzie Wapi?



Somo letu mara hii ni juu ya kuku mwenye shida ya pumzi. Sisemi yule aliyejikunyata pembeni, mabawa yameanguka, hataki hata maji. Huyo kila mtu anajua ni mgonjwa. Nasema yule ambaye mchana anakimbilia mahindi kama wenzake, anataga, kilemba chake ni chekundu, lakini usiku ukipita karibu na banda unamsikia anakoroma kama mzee mwenye mafua. Huyu ndiye anayetumalizia pesa bure.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi cha kina mama upande wa Kinangop kiliniita kwa jambo hili. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya kule mnaijua. Kuku walinunuliwa kwa mchango, wakawekwa kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na nafasi. Wakaanza kukoroma. Kabla sijafika, kikundi kilikuwa kimenunua dawa ya kutia katika maji mara mbili, na maneno yakaanza kuzunguka kwamba yule mama alikuwa na kuku wagonjwa tangu zamani, ndio walioambukiza wa kikundi. Wengine walitaka arudishe pesa. Nami, kusema kweli, nilikosea. Niliwaambia wajaribu dawa yenye nguvu zaidi. Pesa ikaenda, kuku wakaendelea kukoroma.

Aliyetusaidia ni afisa wa mifugo, na hakufungua hata mkoba wake. Alikuja asubuhi na mapema, akakataza mtu yeyote kufungua banda kabla yake. Akaingia, akachuchumaa mpaka pua yake ikafika kimo cha kuku. Alipotoka macho yalikuwa yanatoa machozi. "Ingia na wewe, mwalimu," akaniambia. Niliingia, na sikumaliza dakika moja.

Kumbe madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa magunia na karatasi za nailoni, kwa sababu ya baridi na kwa kuogopa wezi. Maranda hayakuwa yamebadilishwa tangu kuku waingie, na chombo cha maji kilikuwa kinavuja. Mwenye banda hakuwa anasikia harufu yoyote. Hakuwa anadanganya. Pua ikikaa na harufu kila siku huizoea, ndiyo maana ni vizuri kumwita jirani anuse banda lako, nawe ukanuse lake.

Mavi ya kuku yakiloa hutoa hewa kali iitwayo amonia, ile inayochoma macho. Katika njia ya pumzi ya kuku kuna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana, kazi yao ni kufagia vumbi na vijidudu kuvitoa nje. Amonia inavilemaza vinyweleo hivyo, na uchafu unabaki ndani. Tena kuku hakuumbwa kama sisi. Mapafu yake hayapanuki kama yetu. Hewa inapita katika mifuko ya hewa iliyoenea mwilini, kwa kawaida tisa, mpaka ndani ya mifupa mingine. Kwa hivyo hewa mbaya inafika mbali. Na kwa kuwa anapumua kwa kusogeza kifua, usimshike kwa kumbana kifuani, hasa huyu mwenye shida. Anaweza kufia mikononi mwako ukifikiri unamsaidia.

Dawa ya banda la namna hii ni koleo na hewa. Toa matandiko yaliyoloa, tia maranda makavu, rekebisha chombo kinachovuja. Fungua nafasi upande wa juu, kupita vichwa vya kuku wakiwa wamelala, uweke wavu wa kuzuia wezi na wanyama. Msiogope sana baridi. Kuku mzima ana joto la digrii 41 hivi na amevaa manyoya. Kinachomwumiza ni unyevu na upepo unaompiga moja kwa moja. Vifaranga ndio wanaohitaji kutiwa joto. Angalia pia vumbi, maranda au nyasi zenye ukungu, na moshi, kwani wengi wetu bado tunalaza kuku jikoni karibu na mafiga.

Kule Kinangop kukoroma kulipungua katika wiki mbili. Walibaki watatu tu, wenye povu pembeni mwa jicho na wakipiga chafya. Hao sasa ndio walikuwa na mafua sugu, yanayoletwa na kijidudu kiitwacho maikoplasma. Hapo dawa kama tailosini ina kazi, lakini kwa ushauri wa daktari wa mifugo, kwa kipimo na siku zilizoandikwa. Mayai ya siku za dawa, na za baada yake kama maandishi yanavyosema, hayaliwi wala hayauzwi. Kapsuli za binadamu msiwape. Na jueni kwamba kuku wa namna hii hutulia tu. Kijidudu hubaki mwilini na hupita kwa yai mpaka kwa kifaranga. Mayai yake usiyaatamize, na kuku mgeni mtenge kando mwezi mzima kabla ya kumchanganya na wako.

Kuna dalili nyingine za kutazama. Kuku akihema mdomo wazi jua la mchana, anapoza mwili. Mpe kivuli na maji. Vifaranga wakinyoosha shingo na kupiga miayo, huenda ni minyoo ya koo. Uso ukivimba na pua kutoa uchafu unaonuka, ni mafua ya kuambukiza. Utando wa manjano mdomoni pamoja na vipele kwenye kilemba ni ndui. Na chanjo nyingine huleta chafya ya siku chache, kwa hivyo ulizeni kwanza kuku walichanjwa lini.

Lakini kundi likianguka kwa pamoja, kuhara kijani, shingo kupinda, vifo leo na kesho, hapo msingoje. Huenda ni Newcastle, wengine husema kideri, jina lililotoka mji wa Newcastle Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Hauna dawa, una chanjo tu, na inatengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI. Msiuze wala msichinje haraka haraka. Mwiteni afisa wa mifugo wa wadi. Tangu 2013 kazi hiyo iko chini ya kaunti.

Yule mama hakurudisha pesa. Lakini kuku walipona kabla yeye hajarudi kukaa mbele mkutanoni.

Kazi ya kikundi: Wiki hii chagueni mabanda matatu. Nendeni wawili wawili kabla ya mlango kufunguliwa, mchuchumae na kunusa. Kisha mjadiliane:

Pesa tulizotumia kwa dawa za kuku mwaka uliopita, nani alituambia tununue?

Kuku wa kikundi wakiugua kwa mwanachama, ni nani atakayekwenda kuangalia banda kabla ya mtu kulaumiwa?